Bi Mkaa, fundi anayefuta picha ili zirudi

Saa tatu asubuhi jua linafika ukingo wa dirisha, na Bi Mkaa anasogeza kiti chake kwa mara ya kwanza. Kabla ya adhuhuri atakuwa amekisogeza mara nne, kila mara shubiri moja kuelekea mlangoni, akilifuata jua kama kuku anavyomfuata mwenye punje.

"Taa inadanganya kwenye mashavu," anasema bila kuinua macho. "Inamnenepesha mtu ambaye Mungu hakumnenepesha."

Ubaoni mbele yake kuna karatasi nene yenye upana wa mto wa kulalia. Juu yake, mwanamke kijana mwenye shingo ndefu ameketi kwenye kiti cha mbao, amefunga kilemba, anaangalia mbele kama mtu aliyeambiwa asicheke. Bi Mkaa anashika kipande cha mkaa kisichozidi urefu wa njiti ya kiberiti. Anachora mstari mmoja chini ya sikio, anaufuta nusu kwa kidole, anapuliza vumbi, kisha anatulia akiutazama.

Mwanamke wa kwenye karatasi amekamilika karibu wote, hata vifungo vya blauzi. Sehemu moja ndogo tu imebaki nyeupe, pale mapajani.

Mlangoni anasimama mtu mwenye kopo tupu.

"Hodi! Hapa ndipo kwa Bi Mkaa?"

"Ndipo, karibu."

"Nipimie mkaa makopo mawili, ule usio na vumbi."

Kicheko kinalipuka upande wa pili wa pazia. Ni mume wake, fundi redio, ambaye majirani humwita Babu Redio. "Mpimie uso mmoja, mke wangu! Nao unawaka!"

Yule mteja anatazama kuta, anaona nyuso thelathini na kitu zikimtazama, anaelewa, anaomba radhi na kuondoka haraka.

"Huyo ni wa tatu wiki hii," anasema Bi Mkaa, naye akicheka. "Ningekuwa nauza mkaa kweli, saa hizi nina ghorofa."

Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo havijawahi kuwa safi tangu aanze kuchora. Ana miaka sitini na sita. Anafanya kazi katika nusu ya chumba chenye urefu wa hatua tisa, kilichogawanywa kwa pazia la kijani. Upande mmoja zipo redio zilizofunguliwa matumbo, upande wa pili zipo penseli, wino, kamera mbili, moja ya filamu na moja ya kidijitali, na kabati kubwa la nguo ambalo halijawahi kuona nguo. Hilo ndilo chumba chake cha giza. Akitaka kuingiza filamu kwenye kopo la kusafishia, yaani la kuitoa picha kwa dawa, huingia mzima mzima na kujifungia.

"Siku moja mteja alifika, akaniuliza mke wangu yuko wapi," anasimulia Babu Redio. "Nikamwambia yuko kabatini. Yule bwana ananitazama vibaya mpaka leo."

Bi Mkaa aliingia kwenye kazi hii akiwa na miaka kumi na tisa, kwa kufagia studio ya picha. Kutoka kufagia akapewa kukata picha za pasipoti kwa mkasi, zote zitoke sawa. Kutoka mkasi akapewa penseli. Enzi hizo, fundi alikaa na negativu, ile filamu ambamo cheupe huonekana cheusi, akaiweka juu ya kioo chenye mwanga, akapitisha penseli iliyochongwa kama sindano juu ya chunusi na makovu ya mteja, moja moja, mpaka ngozi ikatoka laini.

"Nilichora miaka kumi na mmoja bila kujua kwamba ninachora," anasema. "Nilidhani natoa chunusi za watu."

Mwenye studio alipozeeka akafunga, alimwachia kamera moja ya filamu, trei tatu za plastiki na katoni la karatasi za picha. Kazi iliendelea vizuri, kisha simu za mkononi zikaingia kila mfuko. Wakati wa neema alikuwa akipiga picha arobaini kwa siku. Mwaka jana kuna wiki alipiga nne, na moja kati ya hizo nne ilikuwa ya mume wake, tena bure.

Ndipo akarudi kwenye penseli, na kutoka penseli akaenda kwenye mkaa. Watu walimletea picha za wazazi na watoto wao, naye akazichora kubwa, za kutundika ukutani. Lakini mkono wake haukutulia hapo.

Alianza kujaribu mambo. Alilaza majani na vijiko juu ya karatasi ya picha, akaviacha juani, akaona vivuli vyake vimebaki. Alitoboa kopo la biskuti kwa sindano, akaligeuza kamera isiyo na lenzi, akampiga mume wake aliyekaa dakika sita bila kupepesa. "Nilitoka nina macho manne," anasema Babu Redio. "Nilipepesa."

Jaribio alilolipenda kuliko yote ni la kuchora juu ya picha. Alisafisha picha ya mtu, akaikausha, akaipitishia wino mweusi usiotoka kwa maji, akifuata mistari ya nguo, mikono na nywele. Kisha akaiingiza kwenye dawa ya kufuta, ambayo ni ya manjano iliyokolea. Picha ilitoweka yote, ukabaki mchoro wa wino peke yake juu ya karatasi nyeupe.

Siku moja alichanganya trei. Karatasi iliyokwisha kufutwa aliirudisha kwa bahati mbaya kwenye dawa ya kusafishia. Alikuwa ameshageuka kunawa mikono.

"Nikageuka tena, namkuta mtu amerudi chini ya wino," anasema. "Amerudi kama aliyetoka mara moja kununua chumvi."

Hapo alijifunza jambo ambalo hakuwahi kufundishwa studioni. Dawa ya kufuta huificha picha, haiiondoi. Picha hubaki ndani ya karatasi, haionekani, na ukiirudisha kwenye dawa ya kusafishia kabla hujaiingiza kwenye dawa ya kukaza, ile inayoizuia isibadilike tena, inaamka. Na akagundua jambo la pili, kubwa zaidi: picha iliyokuwa imepauka kabla ya kufutwa mara nyingine huamka ikiwa na nguvu kuliko ilivyolala.

Alilijaribu hilo kwa picha kumi na tisa za nyumbani kwake kabla hajathubutu kumwambia mtu wa nje. Nyingine zilirudi nzuri, nyingine zilirudi za kahawia, na mbili hazikurudi kabisa.

"Moja ya hizo mbili ni yangu nikiwa na miaka ishirini na nne," anasema Babu Redio kwa masikitiko ya kuigiza. "Nilikuwa na sharubu, jamani. Sasa hakuna ushahidi."

"Hukuwa na sharubu," mke wake anajibu. "Ulikuwa na nia."

Habari hizi zilimfikia mwanamke mmoja wa mtaa wa pili, mkunga mstaafu mwenye miaka sitini na miwili, ambaye mtaa mzima unamwita Mkunga tu. Alifika wiki saba zilizopita akiwa amebeba kitabu cha zamani cha kliniki. Katikati ya kurasa, ndani ya bahasha, ndani ya leso, kulikuwa na picha yenye ukubwa wa kiganja.

Ilikuwa picha ya mama yake. Mama huyo alifariki Mkunga akiwa na miezi mitatu, na hakuna picha yake nyingine popote. Mkunga alilelewa na shangazi yake, ambaye naye sasa ni marehemu.

Aliyeisafisha picha ile zamani hakuiosha vya kutosha, na dawa iliyobaki ndani ya karatasi ikaila taratibu, mwaka hadi mwaka. Mkunga alipokuwa msichana aliona macho ya mama yake. Alipoolewa aliona uso. Alipostaafu aliona kichwa, kilemba, miguu ya kiti, na doa kubwa jeupe mapajani ambalo nyumbani kwao lilikuwa na jina lake.

"Tuliita kifurushi," anasema Mkunga. "Shangazi alisema picha ilipigwa kabla sijazaliwa, na kwamba mama alishika kifurushi cha nguo alizotoka kununua. Yeye mwenyewe hakuwepo siku hiyo. Watoto wangu wamekua wakisema, hii ni picha ya bibi na kifurushi chake."

Wajukuu wake walijaribu kuipiga kwa simu. Ikatoka ukungu wenye kichwa. Duka moja la picha lilijaribu kuisafisha kwa kompyuta, likamrudishia mwanamke mwenye ngozi kama ya sabuni na macho ya mtu mwingine.

"Nilimwambia kijana wa duka, huyu simjui. Akasema, mama, kompyuta imekisia. Nikamwambia, mama hakisiwi."

Mkunga alitaka mchoro mkubwa wa mama yake. Bi Mkaa alikaa na picha ile siku sita, akachora kilichoonekana: duara la kichwa, sikio moja, kiti. Siku ya saba aliweka mkaa chini.

"Mimi sichori jicho ambalo karatasi haikunionyesha," anasema. "Nilimwita nikamweleza yote. Nikamwambia iko njia, lakini nimewahi kupoteza mbili kati ya kumi na tisa. Nikamwambia nenda ukafikirie mwezi mzima."

Mkunga hakufikiria mwezi. Alirudi siku ya pili asubuhi.

"Nilimwambia, dada, hii picha inakufa mikononi mwangu. Nikiacha miaka mitano mingine nitakuwa natunza karatasi. Fanya."

Bi Mkaa aliweka sharti. Kwanza aipige ile picha kwa kamera ya filamu, ili iwepo akiba. Aliweka kipande cha plastiki ya buluu mbele ya lenzi, kwa kuwa alishajaribu akaona buluu humsaidia mtu aliyepauka kujitokeza. Kamera hiyo ilikuwa imelala miaka sita. Aliingiza filamu, akasogeza, akapiga. Akasogeza, akapiga. Mara kumi na mbili. Kidirisha cha namba kilisoma kumi na mbili.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Pakiti ya dawa ya kusafishia iliyobaki ilikuwa moja, na dawa hiyo ukishaikoroga haivuki siku. Kwa hiyo alipanga kazi mbili kwa mpigo. Aliiweka picha ya Mkunga kwenye trei ya dawa ya kufuta, ianze kutoweka polepole, naye akaingia kabatini na filamu.

"Hapo ndipo nilipokosea," anasema sasa, na vidole vyake vinasimama juu ya karatasi. "Ilibidi niione filamu kwanza, ndipo niiguse picha. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nawafundisha wageni hivyo studioni. Lakini nilikuwa na haraka ya furaha."

Upande wa pili wa pazia Mkunga alikaa kwenye benchi la Babu Redio, akifuma kofia ya mtoto kwa uzi wa manjano. Alikuwa amekataa kwenda kungoja nyumbani. "Siondoki mpaka nimwone," alisema.

Bi Mkaa alitoka kabatini, akamimina dawa, akatikisa kopo dakika zake, akaosha, akafungua, akaivuta filamu kwenye mwanga wa dirisha.

Ilikuwa tupu. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho ilikuwa angavu kama kioo kilichofutwa kwa gazeti.

Kwenye trei pembeni, karatasi ya Mkunga nayo ilikuwa nyeupe.

Babu Redio anakumbuka dakika hiyo kwa kusikia, maana hakuona kitu. "Mke wangu akifanya kazi huongea na dawa zake. Haya mwanangu, njoo mwanangu, polepole. Siku hiyo nikasikia kimya. Nikaweka bisibisi chini."

Bi Mkaa aliichukua kamera, akatazama upande wa kushoto. Pale kuna kifundo kidogo ambacho filamu ikisogea nacho huzunguka. Akakumbuka kwamba alipokuwa akipiga hakukiona kikizunguka hata mara moja. Ncha ya filamu ilikuwa imechomoka kwenye mhimili unaoivuta tangu mwanzo, na kamera ikawa inahesabu hewa.

"Studioni nilikuwa nasema kila siku: usiiamini namba, tazama kifundo. Miaka sita bila filamu, nikaiamini namba."

Kwa nukta chache, anakiri, alitamani kutoka kwa mlango wa nyuma. "Tatizo, chumba chetu hakina mlango wa nyuma."

Akafungua pazia.

"Mkunga, mdogo wangu. Akiba haipo. Filamu haikushika hata picha moja."

Mkunga aliinuka, uzi ukaanguka. Akaja mpaka kwenye trei, akatazama karatasi nyeupe ndani ya maji ya manjano.

"Na huyu amekwenda wapi?"

"Yumo ndani. Naamini yumo. Lakini asipotoka, nitakuwa nimekuulia mama mara ya pili, na sina cha kukupa."

Bi Mkaa aliinua tena ile filamu tupu, bila sababu, kama mtu anayepekua mfuko aliokwisha kuupekua. Ndipo alipoona ukingoni, kando ya matundu, namba ndogo nyeusi. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Namba hizo hupigwa kiwandani, na hazionekani mpaka dawa ya kusafishia izitoe. Kama dawa ingekuwa imeoza kwenye pakiti, hata namba zisingetoka.

"Dawa iko hai," alisema. "Mkunga, dawa iko hai. Kosa ni la kamera."

"Basi tunangoja nini?"

"Mikono yangu."

Mkunga aliitazama mikono hiyo ikitetemeka, na hapo, kwa maelezo ya wote watatu, mambo yaligeuka. Mteja akawa fundi.

"Kaa," alimwamuru. "Kunja ngumi. Kunjua. Vuta pumzi kwa pua, toa kwa mdomo. Tena. Usinitazame mimi, tazama kazi."

"Unanifanya kama nazaa."

"Nimewaambia hivi wanawake wengi, dada. Wewe ndiye wa kwanza kuja bila tumbo."

Bi Mkaa alicheka, na alipocheka mikono ikatulia. Akaitoa karatasi kwenye dawa ya kufuta, akaiosha mpaka manjano yote yakatoka, akaibeba kwa ncha za vidole na kuilaza kwenye dawa ya kusafishia. Babu Redio alisimama nyuma yao na saa yake ya mkononi, akihesabu kwa sauti.

Nukta thelathini, karatasi nyeupe. Sitini, nyeupe.

"Sabini," alisema Babu Redio. "Themanini."

"Hesabu kimoyomoyo," mke wake akamwambia.

"Nikihesabu kimoyomoyo mtajuaje?"

Alipofika tisini na nne, kidoa kilitokea chini kushoto. Mguu wa kiti. Kikafuata kilemba, mkunjo baada ya mkunjo. Vikafuata vifungo vya blauzi, ambavyo Mkunga hakuwahi kujua kama vipo. Kisha yakaja macho mawili, yote kwa pamoja, yakiwatazama kutoka chini ya maji.

Mkunga aliweka kiganja mdomoni.

"Shingo," alisema. "Shangazi alikuwa akisema alikuwa na shingo. Ona shingo."

Bi Mkaa alikuwa anatikisa trei, upande huu, upande ule, akingoja pahali pamoja tu pakamilike. Sehemu nyeupe za picha ndizo hupotea mwanzo, na ndizo huchelewa kurudi. Kile kifurushi bado kilikuwa doa.

Polepole doa likaanza kuwa na mikunjo. Ukingo mmoja ulipita juu ya mwingine, kona ikaingizwa chini.

Mkunga aliinama mpaka pua yake ikakaribia kugusa dawa.

"Hebu nipeni kioo."

Babu Redio alimpa kioo cha kukuzia, kile anachotumia kutazama nyaya nyembamba. Mkunga alikishika muda mrefu.

"Hii kona," alisema hatimaye, kwa sauti ya kazini. "Hii kona imeingizwa chini ya bega. Hivi ndivyo tunavyofunga sisi. Nguo za dukani hazifungwi hivi." Akasogeza kioo. "Na huu hapa ni mkono. Ngumi. Imeshika kidole cha mama. Huyu ana wiki tisa. Kumi, akizidi sana."

Babu Redio, ambaye anajua redio kuliko ukoo, akauliza bila ubaya wowote: "Kwani mama yako alizaa watoto wangapi?"

"Mmoja."

Mkunga alikirudisha kioo juu ya ile ngumi.

"Kumbe kifurushi ni mimi!" akasema Mkunga.

Alicheka kwanza. Alicheka mpaka akalishika kabati, kisha akakaa chini sakafuni, palepale, kati ya trei na viatu, akalia kwa raha zake. Miaka thelathini na minne amefunga watoto wa watu kwenye vitambaa vyeupe, anasema, na kila jioni akirudi nyumbani alikuwa anamtazama mtoto aliyefungwa vivyo hivyo bila kumtambua.

"Nilikuwa najiambia, mimi na mama hatukuwahi kuonana vizuri. Kumbe tulikwenda studio pamoja. Tulipanga foleni. Pengine nililia, wakanibembeleza. Nimeshika kidole chake kwa miaka sitini na miwili, na mimi nasema sina mama."

Bi Mkaa aliikaza picha, akaiosha kwa maji ya bomba saa nzima, ilivyopaswa kuoshwa tangu mwanzo, akaitundika kwa kibanio. Baada ya hapo ndipo alipotafuta pa kukaa. Mume wake alimletea kiti. Hakutania, na hilo, anasema Bi Mkaa, lilimwogopesha kuliko filamu.

Tangu siku hiyo amepata pakiti chache za dawa, na watu wengine kumi na mmoja wameleta picha zao zilizopauka. Saba zimerudi vizuri. Tatu zimerudi kidogo, na wenyewe wameridhika. Moja aliikataa, kwa sababu karatasi ilikuwa inamenyeka na aliona itabaki majini.

Kila anayekuja huonyeshwa kwanza filamu tupu, ambayo Bi Mkaa ameipigilia misumari juu ya kabati. "Nawaambia, hili ni kosa langu, litazameni kabla hamjaniachia mtu wenu." Na sasa hakuna picha inayogusa dawa kabla filamu ya akiba haijakauka.

Ule mchoro mkubwa ulioko ubaoni leo ndio wa mama yake Mkunga, na leo ndiyo siku ya kuuchukua. Saa tano kasoro, mwenyewe anaingia akiwa amevaa kilemba kilichofungwa kwa mtindo wa kwenye picha. Anasimama mbele ya ubao. Anautazama kwa muda wa kuchemsha maji.

"Mtoto hana uso," anasema.

"Picha imenipa ngumi, imenipa kitambaa," Bi Mkaa anamjibu. "Uso haikunipa. Naweza kukuchorea mtoto yeyote, Mkunga, lakini hatakuwa wewe. Nimeuacha, nikasema mwenyewe aje aamue."

Mkunga anafikiri. Anagusa ukingo wa karatasi, mbali na mkaa.

"Acha hivyo hivyo," anasema. "Huyo sura yake naijua. Naiosha kila asubuhi."

Bi Mkaa anapulizia mchoro dawa ya kushika vumbi la mkaa, na wakati unakauka anaeleza mpango wake. Anataka kulijaza dirisha la mbele kwa picha kumi na tano za watu wa mtaa, nusu picha na nusu mchoro: nguo na mikono kwa wino, uso ukiachwa kama kamera ilivyouona. Fundi viatu amekubali. Mwuza maji amekubali, ila apigwe na mkokoteni wake. Filamu ameshapata tatu, na dawa ya kusafishia, iliyokwisha tena, anaitafuta. Anataka pia kumfundisha mtu kupitisha penseli kwenye negativu kabla macho yake hayajachoka.

"Sijui kama watanunua," anasema. "Lakini watasimama. Mtu akisimama dirishani, mengine yatafuata."

Picha ya kwanza ya dirisha hilo ataipiga leo. Babu Redio anatoa kiti cha mbao, anakiweka penye jua. Mkunga anaketi, ananyoosha shingo, na mchoro mkubwa anaushika mapajani kwa mikono miwili, mama yake akitazama mbele.

"Nisicheke?" anauliza.

"Cheka tu. Yeye alikatazwa, wewe hukukatazwa."

Bi Mkaa anasogeza filamu, lakini hatazami namba. Anatazama upande wa kushoto wa kamera, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Kinazunguka?" Mkunga anauliza kutoka kitini.

Bi Mkaa anasogeza tena, taratibu, mpaka awe na hakika.

"Kinazunguka," anasema, na anapiga.